Mita 60 na Hema Moja

 Msikilizaji wangu, leo nina shauri la kukutoa nyumbani kwako. Una kitanda, una godoro, una bati juu ya kichwa, nami nakuomba Jumamosi moja uviache vyote hivyo ukalale ndani ya hema kando ya ziwa. Jibu lako nalijua. Nimeshapewa na ndugu, nimepewa na majirani, na hapa hapa kituoni mwenzangu mmoja alinijibu bila kuinua macho kwenye sahani yake: "Kwani mimi nimekosa nini mpaka nikalale nje?"

Swali hilo lina asili yake. Kwa Mtanzania mtu mzima, kambini ni mahali unakopelekwa. Aliyepita Jeshi la Kujenga Taifa, lile lililoanzishwa mwaka 1963, ukimtajia kambi anasikia filimbi ya alfajiri na kuona jembe. Mtu wa Kigoma anaona mahema ya wakimbizi ya Nyarugusu, foleni ya maji na mgao wa unga. Mvuvi wa visiwani naye ana kambi yake, kibanda cha mabati kuukuu na turubai, analala humo kwa sababu dagaa wako huko. Wote hao wamelala nje miaka na miaka, na hakuna aliyekwenda huko kustarehe. Basi hema la starehe tukaliacha liwe la wageni, liwe la Serengeti, lilipiwe kwa dola.

Lakini hebu tulitazame hilo hema la mgeni kwa karibu. Tarehe 3 Agosti 1858 John Hanning Speke alifika hapa Mwanza akitokea Kazeh, yaani Tabora ya leo, akaliona ziwa, akalipa jina la malkia wake. Habari hiyo tulifundishwa wote shuleni. Tusichofundishwa kwa mkazo ule ule ni kwamba mwenzake Burton alibaki Tabora mgonjwa, na kwamba aliyekuwa akimsemea Speke njiani kote alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, akarudi Afrika mtu mzima. Wapagazi ndio waliobeba mzigo. Wao ndio waliojua pa kulala penye maji, pasipo na siafu, pasipo na fujo. Speke alilala vizuri kwa sababu kulikuwa na watu wanaojua kazi ya kulala safarini. Kwa hiyo anayeniambia kwamba kulala hemani ni mambo ya Kizungu namwomba aulize babu yake Mnyamwezi.

Sasa nikutajie mahali penyewe. Ukisimama Capri Point, pale kwenye nyumba za kifahari na hoteli, ukatazama ziwani, unaona kisiwa cha mawe na miti, karibu kiasi kwamba mtu akipiga nyundo kule sauti inakufikia. Hicho ndicho Saanane. Kwa boti ni dakika chache. Ndiyo hifadhi ya taifa iliyo ndogo kuliko zote nchini: kilomita za mraba 2.18, na usidhani zote ni ardhi, maji yanayokizunguka yamo katika hesabu hiyo. Serengeti ina 14,763. Ukiamua kuikata Serengeti vipande vya ukubwa wa Saanane, utapata zaidi ya 6,700.

Kisiwa hicho kilikuwa cha mtu. Mzee Saanane Chawandi alikuwa mvuvi na mkulima, alikaa hapo, alilima hapo. Mwaka 1964 serikali ilikichukua ikafanya bustani ya wanyama, ya kwanza kumilikiwa na serikali katika nchi hii, na yeye akahamia kwingine. Jina lake likabaki. Nimesikia watu wakilitafsiri jina hilo kwa saa ya mkononi, wakidhani boti iliwahi kuondoka saa nane mchana. Hapana, ni jina la mwenye shamba.

Wanyama walipelekwa kwa boti: nyati, pofu, nyumbu, pundamilia, hata faru. Kazi ya kisiwa ilikuwa kuwafundisha watu uhifadhi na kuwaburudisha, na pia kuwashikilia kwa muda wanyama waliokuwa safarini kwenda kisiwa cha Rubondo, upande wa Geita. Miaka ile ile ya sitini Profesa Bernhard Grzimek wa Frankfurt aliwarudisha Afrika sokwe waliokuwa katika bustani za Ulaya, akawaachia Rubondo, na wajukuu zao wako msituni mpaka leo. Saanane ikabaki na vizimba na watoto wa shule. Watu wa Mwanza wenye mvi sasa hivi wengi wao walikwenda huko wakiwa na sare na chupa za uji, wakamrushia ndizi sokwe aliyefungiwa. Mwaka 1991 ikawa pori la akiba, na mwaka 2013 ikatangazwa hifadhi ya taifa.

Tangu hapo lawama ni moja: hakuna cha kuona. Mtu amelipa kiingilio, amelipa boti, amezunguka kisiwa kizima kabla jasho halijakauka, amekutana na swala pala, pundamilia, tumbili na pimbi kadhaa, basi. Anarudi mjini anasema ameibiwa. Mimi namwelewa, kwa sababu amefundishwa kupima hifadhi kwa simba. Kipimo cha Serengeti hakifai Saanane. Mawe yale yenyewe yana mkazi wake, mjusi ambaye dume lake lina kichwa na mabega ya rangi nyekundu inayoelekea zambarau, na mwili wa buluu. Wataalamu wamempa jina la mji huu, wanamwita Agama mwanzae. Watalii wanasafiri kuja kumpiga picha kwa sababu anafanana na Spider-Man. Sisi tunampiga mawe. Na huyo pimbi unayemdharau kwa kuwa anafanana na sungura aliyekatwa masikio, katika wanyama wote walio hai nchi kavu, ndugu yake wa karibu ni tembo.

Ila sikuja hapa kuwatetea pimbi. Hoja yangu ni ufukwe.

Mji wa Mwanza umezungukwa na maji, na bado nakuuliza: mtu wa Igoma, au wa Mabatini kule juu ya mawe, akitaka kukaa kando ya ziwa na watoto wake bila kununua soda, bila kusogezwa na mlinzi, bila kuambiwa hapa ni kwa watu, atakaa wapi? Kuna mialo, ndiyo. Mwalo wa Kirumba uko wazi kwa kila mtu, lakini pale ni kazini, kuna magunia ya dagaa, kuna makuli, kuna maji yenye magamba, na mtoto akisimama vibaya anabebwa pamoja na mzigo. Sehemu nyingine ni kuta. Kuta za hoteli, kuta za viwanda vya samaki, kuta za nyumba ambazo mwenyewe haji ila Desemba. Mtoto anaweza kufika darasa la saba katika mji huu akiwa ameliona ziwa kila siku, na hajawahi kulishika.

Sheria si kwamba haipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za ziwa, mto au bahari. Mita 60 ni nyingi. Ni zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira. Tembea ukingoni mwa ziwa hili jioni moja, hesabu mita 60 kutoka majini, utazame uko sebuleni kwa nani. Kisha mwaka 2020 ziwa lenyewe likaja kupima. Maji yalipanda mpaka yakapita rekodi iliyokuwa imesimama tangu mwaka 1964, yakameza bustani, yakaingia kwenye baa, yakang'oa maboma. Waliolia walikuwa wengi, na wengine walistahili kulia, wale maskini wa mialoni. Wengine walikuwa wamejenga ndani ya ziwa na ziwa likarudi nyumbani.

Ndiyo maana nasema hifadhi ndogo ya umma ufukweni ni mali kubwa kuliko inavyoonekana kwenye ramani. Ni kipande cha ukingo ambacho kwa sheria hakiuzwi. Lakini ardhi ya umma ambayo umma hauendi ina hatari yake. Siku moja mtu atakuja na mchoro wenye majani ya kijani na bwawa la kuogelea, atauliza kwani nani anatumia pale, na jibu likiwa ni "hakuna," basi mazungumzo yamekwisha. Wanaokwenda kwa saa mbili kupiga picha wanahesabika kama wageni. Waliolala pale, wakapika pale, wakawalaza watoto wao pale, hao watapiga kelele.

Na kuna sababu nyingine, ambayo kwangu ndiyo tamu zaidi. Ziwa hili lina mambo yake ya usiku, na sisi tunaolala nyuma ya kuta hatuyajui. Saa kumi na mbili jioni tunafunga madirisha kwa ajili ya mbu, tunawasha televisheni, na ziwa linaanza kazi bila sisi.

Anza na upepo. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake hupanda, na hewa ya ziwani huja kujaza nafasi, ndiyo maana alasiri upepo unakupiga usoni ukitazama maji. Jua likizama kuna kipindi cha ukimya ambapo hata bendera ya boti hulegea. Kisha mambo hugeuka. Ardhi inapoa upesi, maji yanabaki na joto lake, na upepo unaanza kutoka vilimani kwenda ziwani. Aliye ndani ya hema analisikia badiliko hilo kwenye turubai: upande uliokuwa umetuna unanywea, upande wa pili unatuna. Upepo wa namna hiyo unatoka pande zote za ziwa, Musoma, Bukoba, Kisumu, Entebbe, unakutana huko katikati juu ya maji ya vuguvugu, hewa inapaa, mawingu yanajengeka. Kwa hiyo radi za ziwa hili ni za usiku zaidi kuliko za mchana. Ukiwa kisiwani, mji ukiwa umelala nyuma yako, unaziona zikimulika huko mbali bila sauti, na unaelewa kwa nini mama wa mvuvi halali.

Kisha taa. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku kwa sababu dagaa hufuata mwanga. Zamani ilikuwa karabai, leo nyingi ni taa za sola, lakini kazi ni ile ile: taa zinaelea juu ya maji, dagaa wanakusanyika chini yake, wavu unapita. Usiku usio na mwezi, ziwa lote linakuwa kama mtaa. Mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa haushindi mwanga wa mbinguni, dagaa hawakusanyiki, na wavuvi wanapumzika siku kadhaa, wanashona nyavu na kunywa. Hapo ndipo mpiga kambi analazimika kuchagua. Akienda mbalamwezi atatembea juu ya mawe bila tochi na kuuona mji wake ng'ambo, ila ziwa litakuwa tupu. Akienda gizani ataziona taa. Ila giza nalo lina gharama, kwa sababu siku za mwezi mchanga ndizo ambazo wale wadudu wadogo wa ziwani, wasiouma, huibuka majini kwa mawingu kama moshi wa moto wa nyasi. Wakikukuta unakula wali, utakula wali na nyama.

Mimi nachagua giza. Funga mdomo, zima tochi, wapite.

Tuje kwenye vifaa, maana najua kuna msikilizaji ameshaanza kuhesabu fedha. Hema la dukani ni zuri lakini si lazima. Mwanza ina mafundi wa turubai wanaoshona mahema ya misiba na harusi, na fundi wa namna hiyo ukimpelekea kipimo cha watu wanne atakucheka kwanza, kisha atakushonea. Ndani yake funga chandarua, hicho hicho ulichopewa kliniki, maana hema lisilo na wavu mlangoni ni mtego wa mbu, na malaria ya kisiwani haina adabu kuliko ya mjini. Mkeka chini, blanketi mbili. Usidanganyike na joto la mchana, ziwa hili liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na saa kumi usiku utalitafuta sweta.

Kigingi ndicho kitakachokutesa. Saanane ni mwamba, udongo wake ni wa juu juu tu. Utapiga nyundo, kigingi kitaingia urefu wa kidole kisha kitalia, na ukiendelea kitapinda. Usigombane na mwamba. Funga kamba kwenye mawe makubwa, au kwenye shina, au jaza vifuko vya mchanga uvitumie kama nanga. Na mlango uelekeze upande ambao upepo wa usiku hauingilii moja kwa moja. Wewe sasa unajua kwamba upepo wa jioni na upepo wa usiku haufanani, kwa hiyo anayeelekeza mlango kwa kufuata upepo wa saa kumi na moja atajuta saa tano. Usijibanze chini ya mwamba mkubwa pia. Mwamba umekunywa jua mchana kutwa, usiku unalitoa, na ndani ya hema mtatoka jasho kama mkate. Isipokuwa kama unaumwa mgongo, hapo sogea.

Maji nayaongelea kwa ukali kidogo. Usiogelee ufukweni kwenye magugu, na watoto wasichezee maji ya kina kifupi. Kichocho kiko Ziwa Victoria, hakitangazwi kwenye vipeperushi. Konokono wadogo wa ukingoni hutoa vijidudu ambavyo hupenya kwenye ngozi, bila jeraha, bila kunywa tone, na huwa vingi zaidi wakati jua likiwa kali, saa zile zile ambazo watoto hutamani maji. Ukitaka kuoga kwa maji ya ziwa, yachote uyaache kwenye ndoo siku mbili, vijidudu vitakuwa vimekufa, au yachemshe. Kwa usiku mmoja ni rahisi zaidi kubeba maji kutoka nyumbani. Na aliyeingia majini asikimbilie dawa kesho yake. Prazikwanteli haiwaui vizuri minyoo wachanga, hivyo mtu hupimwa baada ya wiki sita hadi nane.

Moto uwashwe pale unapoonyeshwa na askari wa hifadhi, na kuni usiokote. Najua ni mti mkavu, najua hauna mwenyewe, lakini kisiwa cha ukubwa ule kikiokotwa kuni na kila familia kitabaki kichwa kisicho na nywele. Beba jiko la gesi ndogo au mkaa wako kwenye mfuko. Mfuko wenyewe usiwe wa plastiki, tangu tarehe 1 Juni 2019 imepigwa marufuku na hilo halihitaji mahubiri yangu. Wenzetu wa Kenya walikwenda mbali zaidi, tangu Juni 2020 hawaruhusu hata chupa za maji za kutumia mara moja kuingia kwenye hifadhi zao. Mimi ningeiiga hiyo kesho.

Na spika. Msikilizaji, tafadhali, ile spika ya rangi za kuwakawaka, iache nyumbani. Natambua kichekesho cha mtangazaji kukuomba uzime redio, na mkuu wangu wa vipindi ananitazama kupitia kioo hapa. Lakini usiku wa kisiwani una furukombe wa alfajiri na una maji yanayopiga mwamba, na anayelala hema la pili naye amelipa.

Nimewataja Wakenya. Nenda Kisumu uone jambo. Kenya ina asilimia 6 tu ya ziwa hili, sisi tuna karibu nusu, lakini Kisumu, kilomita kama tatu kutoka katikati ya mji, kwenye njia ya kwenda Dunga, kuna hifadhi ya swala pala ambayo haifiki hata kilomita moja ya mraba. Ilitengwa mwaka 1992 kwa sababu swala hao walikuwa wamebaki wakila majani ukingoni huku mji ukiwajia. Wakatengewa pale pale walipokuwa. Mle ndani kuna mahali pa kupiga kambi, na viboko hutoka majini usiku kula nyasi. Huko sheria ya kwanza hufundishwa kabla ya kamba ya hema kufungwa: usikae kati ya kiboko na maji, na ukisikia mtafuno nje, kojoa kwenye chupa. Wana pia kisiwa cha Ndere, kilomita za mraba 4.2, hifadhi ya taifa tangu 1986, kisiwa kitulivu kuliko Saanane kwa sababu hakiko mlangoni mwa mji.

Sisi mlango tunao. Kwa nini basi watu hawaingii?

Bei ni sehemu ya jibu. Mwananchi wa Afrika Mashariki halipi sawa na mgeni, analipa kwa shilingi na kwa kiwango cha chini, na huo ni utaratibu mzuri. Ila familia hailipi kiingilio peke yake. Jumlisha boti, jumlisha malipo ya kulala, zidisha kwa baba, mama, watoto wanne na yule mpwa aliyekuja likizo, halafu linganisha na mshahara wa mwalimu. Matokeo yake wanaojaza kisiwa ni makampuni yanayoleta wafanyakazi kuvuta kamba na kula mishikaki kwa fedha za ofisi. Siwachukii, walete tu. Nasema hivi: kuwe na Jumamosi moja kila mwezi ambayo familia inalipa kifurushi kimoja, boti na hema na kiingilio pamoja, kwa bei ambayo mwalimu anaweza kuitaja nyumbani bila kupandisha sauti. Hifadhi haitapoteza kitu, kwa kuwa usiku mwingi hakuna hema hata moja.

Shule nazo. Skauti wanajua kufunga mafundo, wanajua kuwasha moto, na wengi wao wanapiga kambi kwenye viwanja vya mpira nyuma ya madarasa. Mwalimu wa jiografia anachora upepo wa nchi kavu na upepo wa ziwani ubaoni, mishale huku na mishale kule, wakati mishale yenyewe inapita nje ya dirisha. Darasa moja likilala kisiwani usiku mmoja, na kila mtoto akapewa utepe wa kitambaa auning'inize mlangoni mwa hema na kuandika unaelekea wapi kila saa, swali hilo halitamshinda kwenye mtihani wala nje ya mtihani.

Lakini jibu kubwa, na nalisema bila haya kwa sababu akina mama wamenituma nilitaje, ni choo. Mwanamume anayepanga mambo ya hifadhi anafikiria wanyama, anafikiria bango la kuingilia, anafikiria nembo kwenye boti. Mama anauliza: usiku binti yangu akibanwa, anakwenda wapi, kuna taa njiani, mlango unafunga kwa ndani, kuna maji ya kunawa? Akikosa majibu hayo haji, na asipokuja yeye familia haiji, wanabaki vijana na bia zao. Nimeingia hifadhi kadhaa, za bara na za ziwani, sizitaji, ambako choo kilijengwa kwa marumaru na tanki lilikuwa halina maji. Marumaru haisaidii. Weka tanki linalojazwa, komeo la ndani, taa moja ya sola kwenye kila kona ya njia, na askari wa kike kwenye zamu ya usiku. Fedha za twiga mmoja na usafiri wake zinatosha kufanya hayo yote na chenji ikabaki.

Kwa anayetaka kujaribu mwezi huu, usiende kichwa kichwa. Piga simu ofisini kwao siku chache kabla, sema unataka kulala na si kutembea, kwa sababu usiku unahitaji kibali chake na mtu wa zamu ajue mko wangapi. Uliza malipo yanafanyikaje, siku hizi ni kwa namba ya malipo na si fedha mkononi. Uliza boti ya mwisho jioni na ya kwanza asubuhi. Uliza moto unaruhusiwa wapi. Na lile la choo uliza tena, hata kama wameshakujibu, ili walizoee.